Fidia ya Mji wa Frederick

Katika kitabu cha yubilei watu hutazamia kusoma habari za makusanyo: nani alitoa, na kazi gani ikafanyika. Nasi twaleta habari ya makusanyo ya namna nyingine, yaliyofanyika mbali nasi, katika mji wa Frederick, Maryland, huko Marekani, mwaka 1864. Fedha zile zilipatikana kwa siku moja, bali deni lake lilidumu miaka 87.

Wasomaji wakumbuke ya kuwa tangu mwaka 1861 majimbo ya kusini yalikuwa yameiasi serikali ya Marekani, yapate kuudumisha utumwa. Maryland ilikuwa mpakani. Haikuasi, ingawa watumwa walikuwamo bado. Mwezi wa Julai 1864 Jubal Early, jemadari wa waasi, alivuka mto Potomac na jeshi lake, akikusudia kuupiga mji mkuu, Washington. Alihitaji fedha na vyakula, tena alikuwa na kisasi moyoni, kwa kuwa askari wa serikali walikuwa wamechoma nyumba za watu katika Virginia.

Kazi ya kutoza miji hakuianza siku hiyo. Mwaka 1863 aliudai mji wa York, Pennsylvania, dola 100,000. Wenyeji wakapita nyumba kwa nyumba, wakapata kama 28,000 tu. Sisi tuliowahi kupita mlango kwa mlango na daftari la michango hatushangai. Tena tarehe 6 Julai 1864 watu wake waliutoza mji wa Hagerstown dola 20,000 na mavazi. Husemwa kwamba Early alitaka 200,000, ila sifuri moja ilisahauliwa katika kuandika. Kama ni kweli, sifuri ile iliwafaa sana watu wa Hagerstown.

Hata Jumamosi, tarehe 9 Julai, Early akaingia Frederick, na sifuri zote zilikuwamo. Maofisa wake wakampelekea meya, William Cole, barua ya kudai dola 200,000, au vitu vya thamani hiyo. Juu ya hayo wakataka mapipa 500 ya unga, ratili 6,000 za sukari, ratili 3,000 za kahawa, na kadhalika chumvi na nyama. Ikafahamika ya kuwa mji ukikataa utatiwa moto.

Meya na wazee wa mji hawakukataa, wala hawakukubali upesi. Waliomba kupunguziwa, wakaeleza kwamba mji wao una watu wapata 8,000, na kodi yake ya mwaka mzima ni kama dola 8,000. Maana yake, walitakiwa kutoa kwa siku moja kodi ya miaka 25! Maneno haya yalikuwa kweli, lakini yalikuwa na kazi ya pili. Karibu na mji, penye mto Monocacy, jemadari wa serikali Lew Wallace alikuwa akipigana na waasi, na mizinga ilisikika. Kama Wallace angeshinda, hapangekuwa na haja ya kulipa. Kwa hiyo wazee walisema polepole, huku masikio yao yakiwa mtoni.

Wallace hakushinda, maana askari wake hawakufika hata nusu ya adui. Walakini alimchelewesha Early siku nzima, na siku hiyo ilitosha kuleta askari wengine Washington wakaulinda mji mkuu.

Basi Frederick ulipaswa kulipa. Hawakupita nyumba kwa nyumba kama watu wa York, walikwenda benki. Benki tano ziliukopesha mji: moja ilitoa dola 64,000, nyingine 44,000, nyingine 33,000, nyingine 31,000, na ya mwisho 28,000. Noti zikatiwa katika vikapu, vikapakiwa garini, waasi wakaandika stakabadhi. Wako waliosema baadaye kwamba ilikuwa aibu kuwalisha waasi kwa fedha za mji. Sisi hatuwezi kuwahukumu wazee wale. Tarehe 30 Julai mji wa Chambersburg, Pennsylvania, uliotakiwa kutoa dola 100,000 za dhahabu au 500,000 za noti, haukulipa. Yakateketea majengo zaidi ya 500.

Deni likabaki. Mji ukatoa hati za deni, ukawa unalipa riba mwaka kwa mwaka kutoka katika kodi. Tarehe 1 Novemba 1864 utumwa ulikomeshwa Maryland. Na tangu hapo mtu aliyekuwa mtumwa siku ya vikapu, akiisha kupata nyumba yake mjini, kodi yake nayo iliingia katika kuwalipia wale waliopigana asipate uhuru. Jambo hili twaliona zito kuliko hesabu yote.

Mji uliomba serikali iurudishie fedha, kwa sababu maghala ya serikali yaliyokuwamo mjini, yenye mali nyingi kupita fidia yenyewe, yalisalimika pamoja na nyumba za watu. Maombi yalipelekwa katika bunge mara nyingi, wala fedha hazikurudishwa. Malipo ya mwisho kwa benki yalitolewa mwaka 1951, na pamoja na riba jumla yake ilifika kama dola 600,000. Mtoto aliyezaliwa siku vikapu vilipotoka, kama alikuwa hai bado, alikuwa mzee wa miaka 87.