Rupia, Heller, Shilingi

Miaka yote niliyofundisha historia hapa Tabora sikuwahi kuanza somo la Tanzania na bendera. Nilianza na sarafu, kwa kuwa imepita mikononi mwa watu wasioandikwa vitabuni: mchuuzi wa samaki, mpagazi, mjane anayedaiwa kodi ya kibanda chake.

Ya zamani ni ya Kilwa. Sultani Ali bin al-Hasan alitoa visarafu vya shaba, upande mmoja vikimtaja Mungu na upande wa pili vikimtaja yeye, na maneno ya pande hizo yana vina. Kimoja cha sultani wa baadaye, al-Hasan bin Sulaiman, kilipatikana Zimbabwe Kuu. Karne zikapita, pwani ikazoea reale za Maria Theresa, ambazo zimeandikwa 1780 hata kama zilifuliwa miaka mia baadaye, pamoja na rupia za India.

Kwa Wajerumani ndipo tulipokawia. Mwaka 1898 walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Asiyekuwa na rupia alizifuata kwenye mashamba ya walowezi au akapangiwa kazi ya serikali. Mwaka 1904 rupia ikaacha kugawanywa kwa pesa 64, ikawa heller 100. Mwaka uliofuata Maji Maji ikalipuka. Heller hazikuiwasha. Kodi na pamba ya kulazimishwa vilitosha.

Kisha vita kuu. Waingereza wamefunga bahari, Wajerumani wameishiwa fedha, na mwaka 1916 karakana ya reli hapahapa Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Zilitoka heller 20 za shaba na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Wanafunzi wangu hawakuamini kwamba mji wao uliwahi kufua dhahabu. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji.

Waingereza waliifuta rupia, na mwaka 1921 wakaleta shilingi ya Afrika Mashariki na senti zake zilizotobolewa katikati, ambazo watu walizitunga kwenye uzi. Senti 10 ya mwaka 1936 ina jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti kabla ya kutawazwa. Kwao Uingereza sarafu zake hazikufika madukani. Sisi ndio tuliozinunulia chumvi!

Uhuru tuliupata tarehe 9 Desemba 1961, lakini tuliendelea kutumia pesa ya Bodi ya Sarafu iliyoundwa na wakoloni. Benki Kuu yetu ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966. Kwangu mimi siku hiyo ina uzito kuliko inavyopewa mashuleni: ndipo tulipopata samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50 na Mwenge kwenye shilingi, wote wakiwa na sura ya Nyerere mgongoni.

Yaliyofuata mnayajua: vita vya Kagera, foleni za sukari, shilingi kushushwa thamani miaka ya themanini. Sungura akatoweka sokoni. Mwaka 2014 akaja nyati, kwenye sarafu ya shilingi 500.

Kama bibi yako ameacha heller kwenye kasha, usimuuzie mtalii. Mpelekee mwalimu wa historia aliye karibu nawe.