Kiapo Kisichotolewa: Asili na Maana ya Kivumishi “answerless”

Kivumishi cha Kiingereza “answerless” huonekana chepesi: ni nomino “answer”, yaani jibu, iliyopachikwa kiambishi tamati “-less” cha kuonyesha ukosefu. Wepesi huo hudanganya. Katika Kiingereza cha Kale nomino hiyo ilikuwa “andswaru”, iliyoundwa kwa “and-”, yenye maana ya ‘dhidi ya’, na mzizi uleule wa “swerian”, yaani kuapa. Kijerumani kina kiambishi awali hichohicho katika “Antwort”, ila hapo kinachorudishwa ni neno. Katika Kiingereza kilichorudishwa ni kiapo. Mshtakiwa wa zama za Waanglo-Saksoni alijitetea kwa kuapa, mara nyingi pamoja na watu waliokula kiapo cha kumuunga mkono. Aliyekosa jibu, basi, hakuwa amenyamaza tu. Alikuwa hana kinga. Maana hiyo ingalimo katika “answerable”, linalotajwa kwa mtu anayepaswa kuwajibika.

Hata “-less” haitokani na “less” ya upungufu, kama inavyodhaniwa. Chanzo chake ni “lēas”, ‘pasipo’, neno ambalo likisimama peke yake lilimaanisha pia ‘-a uongo’, na lenye nasaba moja na “lose”, kupoteza.

Kiswahili kilipita njia nyingine. “Jawabu” na “jibu” hutokana na mzizi wa Kiarabu j-w-b, ambao maana yake ya kale ni kukata na kupita katikati. (Kishawishi cha kuyahusisha na “wajibu” ni kikubwa, lakini mzizi wa neno hilo ni w-j-b.) Hata hivyo, lugha hizi mbili hukutana mahakamani: mshtakiwa hujibu mashtaka.

Ugumu huzuka katika tafsiri. “Unanswered” hujengwa juu ya kitenzi, kwa hiyo hudokeza mtu aliyetarajiwa kujibu. “Answerless” hutaja hali tu, iwe ya swali au ya mtu asiye na la kusema. Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha kubeba hayo. Hutegemea urejeshi na mnyambuliko. “Swali lisilo na jibu” halimgusi yeyote. “Lisilojibiwa”, kwa kauli ya kutendwa, huacha kivuli cha mtenda. “Ambalo halijajibiwa” hubakiza matarajio kwa “-ja-”, na “lisilojibika” huyafuta. Mfasiri anayeandika “barua isiyo na jibu” mahali penye “unanswered” humwondolea lawama aliyepaswa kuijibu.