Jengo Lisilo na Ndani

Niliporudi kutoka India, shangazi yangu wa Tanga aliniuliza swali moja tu kuhusu Sanchi: "Na ndani mkaingia?" Nikashikwa na kigugumizi. Kosa lilikuwa langu, maana kabla ya safari nilimwambia nakwenda kuona hekalu la kale la Wabudha, na hekalu lina mlango. Neno lenyewe ndivyo lilivyozaliwa: kabla ya kutufikia kupitia Kiarabu lilikuwa la Wasumeri, na kwao maana yake ilikuwa "nyumba kubwa". Stupa kuu ya Sanchi, kilima cha mawe chenye upana wa mita zaidi ya 36, haina ndani. Imejaa. Mfalme Ashoka aliianzisha kwa matofali katika karne ya 3 K.K., na waliokuja baadaye wakaizungushia mawe mpaka ikawa karibu maradufu.

Tuiiteje basi? Wako wanaosema kuba. Lakini kuba letu, la msikiti au la kaburi la sharifu, ni tupu chini yake, na uzuri wake uko katika utupu huo. Mafundi wa India waliliita tumbo la stupa anda, yaani yai, na yai limejaa. Wengine huandika "magofu ya Sanchi", na hapo nakataa kabisa. Gofu ni nyumba iliyohamwa, kama zile za Gede. Vyumba vya watawa vilivyo pembeni, sawa, hivyo ni magofu. Stupa haikukaliwa na mtu aliye hai hata siku moja, itahamwaje?

Kileleni umesimamishwa mwavuli wa mawe wa tabaka tatu, na huo hauhitaji mkalimani. Mfalme wa Malindi alipokutana na Vasco da Gama mwaka 1498 alikaa chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu. Heshima hiyo twaijua.

Kilichoniokoa ni kitenzi. Stupa haiingiwi, inazungukwa. Kwa Kisanskriti kuizunguka ni pradakshina, na ndani ya neno hilo mna dakshina, "kulia", kwa kuwa mwendaji huiweka stupa upande wake wa kulia. Nilitaka kuandika "kutufu", nikajizuia: anayetufu Kaaba huiweka kushoto kwake. Tena dakshina ni kusini pia, maana ukilielekea jua linapochomoza, mkono wako wa kulia uko kusini. Sisi kusini tulipewa na upepo, kusi, na kulia tukapewa na chakula, kwa kuwa mkono wa kulia ndio wa kulia. Nilizunguka mara tatu nikiliwaza hilo tu: wao dira yao waliipata miilini mwao wakiwa wamesimama asubuhi, sisi yetu tukaigawa baina ya bahari na sahani.

Na kwenda huko? Sisemi kutembelea, hutembelewa jamaa na mbuga. Nasema kuzuru. Kabla ziara haijawa neno la misafara ya viongozi, mtu alizuru waliolala. Sanchi wamo. Mwaka 1851 Waingereza wawili, Alexander Cunningham na Frederick Maisey, walifukua stupa ndogo iliyo jirani, wakakuta makasha mawili ya mawe ya wanafunzi wakuu wa Budha, Sariputra na Maudgalyayana. Masalia ya wawili hao yaliyorudishwa kutoka Uingereza yamewekwa tangu 1952 katika vihara mpya, nyumba ya ibada ya Wabudha, hapo hapo Sanchi, na hutolewa kuonyeshwa kila Novemba.

Juu ya kifuniko cha kasha mojawapo palichongwa neno moja: Sariputasa. Hiyo -sa ya mwisho ni -a unganifu yetu. "-a Sariputra", basi. Nomino haipo, na lugha yao haikuidai. Kiswahili hakikuachii: kabla hujalitaja jina, lazima uamue kama ni wa, la, ya au cha. Kasha la Sariputra? Masalia ya Sariputra? Ndani mlikuwa na kipande kidogo cha mfupa. Niliandika "cha", nikafuta. Nikaandika "wa", nikafuta.

Nilimweleza shangazi shida yangu. Tanga imejaa majina kama Kwaminchi na Kwamsisi, naye hakufikiri hata dakika moja.

"Si uandike kwa," akasema. "Kwa Sariputra. Mlikwenda kwake, hamkwenda?"