Wimbi Dogo Juu ya U

Cũcũ wangu alipofariki mwaka 2012, mimi ndiye nilihesabiwa "mtu wa kompyuta" pale nyumbani, kwa hivyo nilitumwa Thika mjini kuchapisha wasifu wake wa mazishi. Tata alikuwa ameuandika kwa mkono, Kikuyu safi, kurasa mbili, kila wimbi juu ya kila herufi.

Jamaa wa saiba aliangalia ile karatasi, akaangalia kibodi yake, akaniambia, "Buda, hizo za juu achana nazo. Watu wataelewa tu."

Hawakuelewa. Kanisani wasifu ulisomwa na binamu yangu aliyelelewa Mombasa, ambaye Kikuyu chake ni cha kusalimia wazee. Tata alikuwa ameandika nyũmba ĩrĩa, yaani nyumba ile, ile ambayo cũcũ aliijenga mwenyewe. Karatasi ikasema "nyumba iria". Na iria ni maziwa. Binamu akasoma kama alivyoona, nyumba maziwa, watu wakacheka chini kwa chini. Tata hakucheka.

Kikuyu kina vokali saba, alfabeti ya Kilatini ina tano. Hiyo ndiyo shida yote. Wamisionari walioanza kukiandika mwanzoni mwa karne ya 20 walilazimika kutafuta alama za zile mbili zilizobaki, na zilizoshika ni ĩ na ũ. Kulikuwa na njia nyingine. Mwaka 1928 taasisi moja ya lugha za Afrika iliyokuwa London ilipendekeza herufi mpya kama ɛ na ɔ, ambazo Waewe na Waakan wa Afrika Magharibi wanazitumia hadi leo. Kwa Wakikuyu hazikukaa. Wimbi lilikuwa jepesi: unaandika i ya kawaida, unarudi juu na kalamu, umemaliza. Hata makarani wa taipureta walifanya hivyo, barua inatoka kwa mashine, kisha mawimbi yanaongezwa kwa wino. (Kiswahili kilibahatika. Kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, lakini kilipohamia Kilatini, vokali zake tano zilitoshea kwenye kibodi ya Mwingereza bila kusukumana.)

Kalamu hiyo ndiyo ilimfaa Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamiti, ambapo si mbali na Ruiru, aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni. Herufi zake zote alikuwa nazo mkononi. Mimi, miaka 34 baadaye, na kompyuta mbele yangu, sikuwa nazo.

Baada ya mazishi nilikasirika vizuri. Nikaanza kutafuta mtandaoni kibodi ya Kikuyu, zile za kubofya herufi kwenye skrini kisha unakopi na kubandika. Niliyoipata ikafanya kazi ilikuwa ya Kivietnamu! Wavietnamu nao wana ĩ na ũ, tangu enzi za wamisionari wao. Kamusi ya Alexandre de Rhodes ilichapishwa Roma mwaka 1651. Kwao wimbi ni toni, si vokali tofauti, lakini macho hayajui. Kuna mfumo wao unaoitwa Telex: unaandika u, unafuatisha x, inatoka ũ. Unaandika i na x, inatoka ĩ. Nilikaa hapo usiku mzima nikichapa upya wasifu wa cũcũ kwa Kivietnamu. Neno lenye mawimbi mawili liligoma, kwa sababu Kivietnamu huandikwa silabi moja moja, kwa hivyo mũndũ nililipika kwa vipande, mũ halafu ndũ, nikaviunganisha. Na nikijaribu "wa", ile w ilikuwa inageuka herufi nyingine kabisa. Lakini nilimaliza.

Kwa nini basi hizo herufi zilikuwa ndani ya kompyuta tangu mwanzo? Nilidhani kuna Mkenya alizipigania mahali. Wapi. Mwaka 1988 kulitoka kiwango cha herufi kinachoitwa ISO 8859-4, kilicholenga lugha za kaskazini kama Kiestonia, Kilatvia na lugha ya Greenland. Watu wa Greenland walikuwa na tahajia ya zamani, ya Samuel Kleinschmidt wa karne ya 19, yenye ĩ na ũ. Raha ya hadithi ni kwamba wenyewe walishaacha mawimbi hayo mwaka 1973 walipobadilisha tahajia. Unicode ilipotoka mwaka 1991 ikazibeba pia, na ndiyo hizo naandika nazo hapa. Herufi za cũcũ zilipitia kwenye barafu.

Siku hizi kuna kibodi za simu zenye Kikuyu, unapakua tu. Ila bado ukitoka Thika ukivuka Chania, vibao vya barabarani vinakuambia unaenda Murang'a, bila wimbi, na kitambulisho changu hakina hata moja.

Mwaka uliofuata tulibadilisha msalaba wa kaburi. Nilimpelekea fundi wa rangi jina la cũcũ kwenye karatasi niliyoichapa mwenyewe. Akaisoma, akakuna kichwa, akauliza, "Na hizi nyoka ndogo za juu, nazo ni za kuchorwa ama printa iliharibika?"

Nikamwambia achore zote. Akaniongezea mia mbili.