Betri, Kingamuzi na Redio ya Baba

Aliyepata kuishi Haneti, kaskazini ya mji wa Dodoma, anajua kuwa sauti huko husafiri mbali. Nchi ni kavu, nyumba zimeachana, na jioni upepo ukitulia ngoma husikika kitambo kabla ya wachezaji kuonekana. Katika ukimya huo ndimo ilimoingia redio. Makusudio yangu ni kueleza nani aliyeilipia, na kwa nini haikutoka hata vilipokuja vyombo vilivyo bora kuliko hiyo.

Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo cha Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 likavunjwa, ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya Serikali. Lakini kituo si kitu pasipo masikio. Redio za kwanza zilikuwa za vali, nzito, zenye kudai umeme au betri kubwa ya bei ghali. Mkulima angezipatia wapi? Kilicholeta mageuzi ni transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ambayo hatimaye iliiwezesha redio kutumia betri ndogo za tochi.

Hapo ndipo mkulima wa Ugogoni alipoingia katika jambo ambalo siku hizi huitwa kulipia huduma. Redio aliinunua mara moja, labda baada ya kuuza ng'ombe. Betri alizinunua maisha yake yote. Matangazo yalikuwa ya bure, lakini kuyasikia hakukuwa bure. Nyumbani kwetu betri zilihesabiwa kama sukari. Baba alifungua redio saa mbili usiku kwa taarifa ya habari, kisha akaifunga, na sisi watoto tuliotamani muziki tukabaki kutazamana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, tulizianika betri juani juu ya tembe, na betri moja ikafufuka mara mbili au tatu kabla ya kufa kabisa. Sijui kama wanafunzi wa leo wataamini.

Uhaba huo ulikuwa na faida yake, nayo ni kwamba watu walisikiliza pamoja. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Vijiji vingi vya Dodoma vilikuwa bado vipya, kwa kuwa Operesheni Dodoma ilianza mwaka 1971, na majirani walikuwa wakijifunza ujirani. Redio moja ilitosha watu wote hao.

Baadaye baba alinunua rediokaseti. Nilidhani ile ya zamani itatupwa. Ilihamia jikoni kwa mama.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Hata ilipofika, aliyekuwa na runinga na antena juu ya mlingoti alitazama bila kumlipa mtu ada ya mwezi. Hayo yalibadilika mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Dodoma ikafuata mwanzoni mwa 2013. Wengi walidhani runinga zao zimekufa. Hazikufa, zilihitaji kingamuzi tu. Kilichokuwa kigeni ni ada, ambayo haikupanda juu ya chombo bali juu ya mwezi.

Aliye mbali na minara ya mjini hutegemea dishi. Kwa sababu hiyo, Agosti 2018, ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia vilipoagizwa kuondoa chaneli za nyumbani zisizo za kulipia, kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu, aliyeumia zaidi ni mtu wa kijijini. Shabaha ya agizo ilikuwa kwamba mwananchi asitozwe kwa kilicho chake. Lakini mwenye dishi hakuona hiba hiyo. Aliona kioo kitupu. Chaneli hizo baadaye ziliruhusiwa tena.

Ndugu yangu aliyebaki nyumbani amenunua runinga mpya, nyembamba kama ubao wa darasani. Kingamuzi kipya kilikuja pamoja nayo, lakini anaendelea kulipia kile cha zamani, kwa kuwa mama amezikariri namba za chaneli zake na hataki kujifunza nyingine. Nilimwambia ni hasara. Akanijibu kuwa baba naye alinunua betri za redio ya jikoni miaka yote, na hakuna aliyemwuliza.

Mwisho wa mwezi ada ikikatika, mama huagiza redio iletwe sebuleni. Sasa inatumia umeme wa sola. Saa mbili ikifika, wote tunanyamaza.