Mwana wa Nani, Mjukuu wa Nani

Kazi inayonilisha ni programu za mazishi. Saiba yangu iko karibu na steji ya 46, Kawangware: kompyuta nne, printa mbili na benchi la wanaosubiri. Watu huja kufungua akaunti ya eCitizen au kujaza fomu za mkopo wa chuo, lakini pesa ya kutegemewa ni ya matanga. Kijana anakuja na daftari lililoandikwa kwa hati za watu watatu, wawili kati yao hawasemezani, naye anataka nakala 200 zikunjwe kabla basi la Vihiga halijaondoka usiku. Mimi ndiye wa kuligeuza daftari hilo kuwa ukoo: mwana wa marehemu fulani, mjukuu wa fulani, mume wa fulani, ndugu wa hawa, baba wa wale, na yule aliyeko Qatar asisahaulike maana ndiye aliyelipia jeneza.

Mtindo huu wa kumtaja mtu kwa jamaa zake tuliurithi redioni. Enzi za Sauti ya Kenya, tangazo la kifo lilipanga watoto, wakwe na ndugu, na kila mmoja akatajwa na anakofanyia kazi: wa Reli, wa Posta, wa mashamba ya chai Kericho. Magazeti nayo yakafuata njia hiyo hiyo. Anayetafuta ukoo wake leo asiyadharau magazeti hayo ya zamani. Kwa watu wengi wa miaka ya 1970, hapo ndipo mahali pekee ambapo jina la bibi, la babu na la mjukuu liliwahi kuchapishwa kwenye karatasi moja.

Kwa hiyo nilijua kupanga majina kabla ya kujua kwamba kazi hiyo ina elimu yake. Elimu yenyewe niliipata Makina, Kibera, kwa watu wa mama. Mama yangu ni Mnubi, baba ni Mkikuyu wa Riruta. Siku za Jumamosi baada ya adhuhuri, wazee kadhaa na vijana hukutana kwenye chumba cha madrasa, chai ya tangawizi ikiwa mezani, kuandika koo za Wanubi wa Kibera nyumba kwa nyumba. Wazee wanaifanya kazi hiyo kwa mapenzi. Vijana wengi waliingia kwa shida: ukitimiza miaka 18 na wewe ni Mnubi, kitambulisho hakikuwa cha kujaza fomu na kupigwa picha tu. Ulipigwa msasa na kamati, ukatakiwa karatasi za wazazi, wakati mwingine hata za babu. Mtoto wa jirani Mluhya alichukua chake akaenda zake, wewe ukabaki kueleza babu yako alitoka wapi.

Mzee aliyenipokea aliwahi kuwa karani wa mahakama, na hakuwa na subira na watu wa kuanzia juu. Kila mgeni, alisema, hufika akitaka kuthibitisha kwamba yeye ni wa damu ya Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, na hajui hata mama wa mama yake aliitwa nani. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kuanza na walio hai. Ya pili ni kutomuuliza bibi mzee alizaliwa mwaka gani, maana atakutajia ule ulioandikwa kwenye kitambulisho, na mwaka huo ulibuniwa na karani. Muulize, je, alikuwa ameshavaa gurbaba, vazi la wanawake wa Kinubi, wakati wa vita vya Mzungu vya pili? Alikuwa amezaa? Nani alimshika mkono siku ya harusi? Ukishakusanya majibu, hesabu mwenyewe.

Huko juu nako kuna habari zinazojulikana vizuri. Mwaka 1891, ofisa Mwingereza Lugard aliwakuta Kavalli, kando ya Ziwa Albert, askari Wasudani wa Selim Bey waliobaki baada ya Emin Pasha kuondoka Ekwatoria, kusini mwa Sudan, na akawachukua na wake zao, watoto na wafuasi wao waingie katika utumishi wa kampuni ya Waingereza. Jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) lilipoundwa mwaka 1902, watu hao walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Waliostaafu walianza kukaa Kibera mwaka 1904 hivi, msituni, kando ya reli iliyokuwa bado mpya. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Askari aliyetumikia miaka 12 alipewa karatasi ya ruhusa ya kujenga na kulima, ambayo kwetu mpaka leo inaitwa shamba pasi.

Nimeishika moja kwa mikono yangu. Ni karatasi ndogo iliyokuwa imekunjwa mara nne, mikunjo imekatika, na mwenyewe ameishona kwa uzi mweusi kwenye kipande cha kanga ili isipotee vipande vipande. Ina jina, namba ya jeshi na mahali pa kukaa. Mke hayumo. Mzee karani alinionyesha namna ya kuisoma: jina la askari ni moja au mawili tu, Rehan, Farajallah, Almas, na la baba yake mara nyingi ni Abdallah. Unapopanda ukoo wa Kinubi unapanda vizuri, kizazi kwa kizazi, maana kila mtu hubeba jina la baba na la babu, halafu vizazi vinne juu unagonga Abdallah. Jirani naye anagonga Abdallah. Si kwamba Kibera nzima ilikuwa na babu mmoja. Hawa walikuwa vijana waliochukuliwa kwao kwa nguvu au kwa njaa, wakasilimu kambini wakapewa jina jipya, na mahali pa baba asiyetajika pakaandikwa Abdallah, yaani mja wa Mungu.

Hapo ndipo mtaa wenyewe unaposaidia. Kibera kuna Kambi Muru, Kambi Lendu, Kambi Aluru. Wapangaji wa leo huyataja majina hayo kwa makanga wa matatu bila kufikiria, lakini Wamoru ni watu wa Sudan Kusini, na Walendu na Waaluri ni wa pande za Ziwa Albert, Kongo na Uganda. Askari walijenga na wenzao wa lugha moja. Kwa hiyo anayegonga Abdallah huulizwa nyumba ya kwanza ya familia ilisimama wapi, na jibu humpeleka karibu na kwao kuliko karatasi yoyote ya jeshi. Lakini kuna shida. Nyumba zilihamishwa, nyingine zikavunjwa; Julai 2018 tingatinga zilipofungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, maelfu walilala nje na alama za zamani zikaenda na kifusi. Tangu hapo kikundi kinachora ramani kwanza, majina baadaye.

Watu wa baba yangu hawana Abdallah. Wana mbari, yaani ukoo wenye ardhi yake. Guka, yaani babu, alikaa chini ya mwembe wa uani pale Riruta akakutajia vizazi saba bila kukohoa, kila jina na kijito alichopakana nacho. Rika lilimsaidia kupata miaka: ukisikia fulani ni wa Kihiu Mwiri unajua alitahiriwa mwaka 1913, rika moja na Jomo Kenyatta. Nilipokuwa mdogo niliona huo ni utajiri wa kumbukumbu, nikawaonea huruma wajomba zangu wa Kibera. Sasa naona kulikuwa na sababu ya guka kukumbuka hivyo, na sababu hiyo ilikuwa na waraka serikalini.

Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya Jaji Carter iliyofanya kazi kuanzia 1932 na kutoa ripoti 1934, ilisikiliza pande zote mbili za ukoo wangu. Wazee wa Kiambu, na Dagoretti, zilimo Riruta na Kawangware, wakati huo ilikuwa Kiambu, walifika mbele yake kueleza nani alinunua ardhi kwa Waathi, wawindaji wa msituni, akamzaa nani, akamgawia nani. Aliyetaja vizazi vingi bila kujikwaa alikuwa na kesi. Wanubi wa Kibera nao walifika, wakaeleza utumishi wao, namba zao, vita walivyopigana. Tume ilikiri kwamba serikali ina wajibu kwao, lakini ikawahesabu kuwa wapangaji wa Mfalme wanaoweza kuondolewa. Wakikuyu nao hawakupata yote waliyodai, hata kidogo. Ila kukariri ukoo kulikuwa kumeshapata thamani sokoni. Chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, vipande vya mashamba ya Kiambu vilipounganishwa na kuandikwa kwenye rejista, wazee wa kamati walitembea mipakani wakiuliza swali lile lile: mwana wa nani, mjukuu wa nani. Wengi wa waliokuwa kizuizini walijibiwa kwa niaba yao. Jina moja la mwanamume likaandikwa kwa kila kipande, na hati ikatoka. Ndiyo maana Kawangware ya leo, pamoja na mabati yake, ni mali ya watu wenye hati, na Kibera ilikaa mpaka Juni 2017 ndipo Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi Wanubi hati ya pamoja ya ekari 288.

Ekari 288 kutoka 4,197. Mzee karani hupenda kuiandika hesabu hiyo ubaoni bila kusema neno.

Baada ya kuona hivyo nilianza kusoma kila ukoo nikijiuliza nani aliuitisha. Jeshi liliuliza namba, kwa hiyo Kibera wanakumbuka namba. Kamati ya mipaka iliuliza baba, kwa hiyo Riruta wanakumbuka baba. Afisa wa vitambulisho aliuliza ulikozaliwa babu, na vijana wakajifunza kujibu hilo. Mwezi Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi katika suala hilo la uraia, na nakala ya uamuzi huo imebandikwa ukutani madrasa, lakini uamuzi haukuongeza jina hata moja kwenye ukoo. Wanawake hawakuulizwa na yeyote.

Programu yangu ya mazishi angalau haikuagizwa na serikali. Mama yumo, shangazi yumo, mtoto aliyefariki mchanga yumo. Lakini nayo ina uongo wake, na huo ninaujua kwa karibu. Juzi walikuja wanawake wawili kwa marehemu mmoja, wa kwanza asubuhi na daftari kutoka Vihiga, wa pili jioni kutoka Gatina, umbali wa kutembea tu kutoka hapa, na kila daftari lilikuwa na mke mmoja. Nilimwita mjomba wa marehemu kwa simu. Alifika, akakaa kwenye benchi, akasoma yote mawili polepole, kisha akaniamuru niandike watoto wote tisa kwa umri, bila mama zao. Amani ilipatikana na basi likaondoka. Mjukuu atakayekuja kutafuta mwaka 2070 hatajua nani alizaliwa na nani. Nimeyapiga picha madaftari yote mawili, kwa ruhusa ya wenyewe, nikayaweka pamoja na programu.

Upande wa mama hata programu hakuna, maana Mwislamu akifa asubuhi hulala kaburini kabla ya jua kuchwa; hakuna muda wa kuchapisha. Nililalamika hivyo Makina, na mzee karani akaniambia nimesahau harusi. Usajili wa ndoa na talaka za Kiislamu ulikuwa na sheria yake nchini tangu 1906, wakati ambapo vizazi vya Waafrika wengi havikuandikwa popote. Cheti cha nikaha kina bwana harusi na bibi harusi, baba wa kila mmoja, mahari, mashahidi na walii, yaani anayemwozesha bibi harusi. Mwanamke amekaa pale kwa jina lake na la baba yake.

Ilibidi kufungua sanduku la chuma la marehemu haboba, bibi yangu upande wa mama, chini ya shuka za harusi, kumtafuta mama yake ambaye nyumbani aliitwa Mama Makina tu. Cheti kilikuwepo, kimeliwa na mchwa pembeni. Jina lake ni Zenabu binti Rehan, na Rehan ni wa Abdallah, kama nilivyotarajia. Lakini siku ya nikaha Rehan alikuwa ameshafariki, na aliyemwozesha binti akaandikwa kuwa ni ndugu wa baba, pamoja na mtaa wake: Kambi Lendu. Nyumbani sote tulikuwa tukijiita Wamoru. Shangazi zangu hawajaridhika, wanasema "ndugu" kambini alikuwa yeyote mliyekula naye chungu kimoja, na huenda wanasema kweli. Kuna familia mbili Kambi Lendu ambazo babu zao walikuwa majirani wa mtu huyo. Mzee karani ameshazungumza na moja, na wamekubali tuone shamba pasi yao.