Kutoka Tumbo la Mbung'o hata Ubongo wa Mtu

Ukisimama ufukoni Karungu, ewe msomaji, ukaelekeza macho magharibi, huoni ila maji matupu ya Ziwa Viktoria, na ng'ambo yake ni Uganda. Huko, mwaka 1901, waganga wawili wa misheni ya Mengo, Albert Cook na nduguye Jack, waliyatambua malale. Haikupita miaka mingi maradhi hayo yakawa yamekwisha kushuka hata mwambao wa Kavirondo Kusini. Katika Uganda peke yake waliokufa hukisiwa kuwa zaidi ya 200,000.

Mgonjwa huanza kwa homa na kuvimba tezi za shingo. Kisha akili hugeuka: aliyekuwa mpole huwa mkali, mchana husinzia akiwa na tonge mkononi, usiku hukesha. Wengi walisema amerogwa, na ni nani awezaye kuwalaumu? Nani angedhani kwamba wazimu ule ulianzia tumboni mwa nzi?

Mwaka 1902, huko Entebbe, Aldo Castellani aliona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa. Mwaka uliofuata David Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi. Lakini alidhani nzi huyo hubeba kijidudu mdomoni tu, mfano wa sindano chafu. Hapo alikosea. Mwaka 1909, katika koloni la Wajerumani upande wa kusini, Friedrich Kleine aligundua kwamba mbung'o aliyenyonya damu yenye vijidudu hupitisha karibu siku 20 kabla hajaweza kuambukiza. Siku hizo kijidudu huwa tumboni mwake, kikizaana na kubadili umbo, kisha hupanda hata tezi za mate.

Wala hakimo humo peke yake. Tumbo la mbung'o lina bakteria wake wa asili, waitwao Wigglesworthia, wanaompa vitamini ambazo damu haina. Mbung'o aliyekua bila bakteria hao huwa na kinga dhaifu, na kijidudu cha malale humwingia kwa urahisi zaidi. Basi usalama wa ubongo wa mvuvi hutegemea kwa sehemu wageni hao wadogo.

Miaka ya 1980 malale yalizuka tena katika bonde la Lambwe, si mbali na Karungu. Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Mbung'o wenyewe wangali vichakani.